Unafikia kwa Nani?

Kwetu mtu akisema anasafiri huulizwa mambo mawili. La kwanza ni anakokwenda. La pili, ambalo ndilo zito, ni atakakofikia: unafikia kwa nani? Swali hilo halina ubaya. Linachukulia kwamba kila safari ina mtu mwishoni mwake: mgonjwa wa kujuliwa hali, marehemu wa kuzikwa, bibi harusi wa kusindikizwa, mjomba atakayesaidia karo, au walau mteja wa kununua nyanya. Asiye na jibu hushukiwa. Ama anatoroka, ama anaficha jambo.

Mwishoni mwa muhula uliopita nilisafiri kwa siku tano kutoka Kampala hadi Kisoro, kwenye pembe ya kusini magharibi ya Uganda, na kurudi. Nilikwenda peke yangu, kwa basi na kwa taksi (ndivyo tunavyoziita matatu huku kwetu), na sikuwa na mtu wa kufikia kwake. Nilitaka kuiona barabara ile na milima iliyo mwisho wake, basi. Ninachouliza katika insha hii ni kama jambo hilo ni sawa kimaadili. Je, mtu mwenye wazazi, wadogo zake na karo isiyokwisha kulipwa ana haki ya kusafiri kwa ajili ya kufurahi tu, tena peke yake? Jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa sababu zinazotolewa mara nyingi.

Vijana wenzangu husema kwamba anayesafiri peke yake anakwenda kujitafuta. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliwajibu karibu miaka elfu mbili iliyopita katika barua zake kwa rafiki yake Lucilius: anayesafiri ili aikimbie huzuni yake asishangae kuikuta anakofika, kwa kuwa amejibeba mwenyewe. Wahenga wetu hawakuwa wapole zaidi. Walisema mtembezi hula miguu yake. (Ni kweli kwamba ndio hao hao waliosema tembea uone. Wahenga hawakukubaliana kama tulivyoaminishwa shuleni.) Mimi niko upande wa Seneca. Msichana aliyeshuka Kisoro alikuwa na woga ule ule na ulimi ule ule wa haraka aliokuwa nao alipopanda basi Kampala. Kama kuna mtu mwingine aliyekuwa akinisubiri huko ili niwe yeye, hatukuonana.

Sababu ya pili inayotolewa ni uhuru: usafiri peke yako ili usimtegemee mtu. Hii ndiyo ninayoipinga zaidi, na nitaipinga kwa kueleza nilivyojiandaa.

Nilikuwa na shilingi 350,000, nilizopata kwa kufundisha watoto wa jirani jioni za Jumamosi. Nilizigawa mafungu matatu: moja kwenye simu, jingine mkobani, la tatu ndani ya soksi. Nilikata safari vipande ili nisiwe barabarani usiku hata mara moja, maana ajali mbaya nyingi tunazozisikia redioni ni za mabasi ya usiku: siku ya kwanza Mbarara, ya pili Kabale, ya tatu Kisoro, ya nne nipumzike, ya tano nirudi kwa basi la alfajiri. Nikaandika kwenye karatasi kila mji, saa ya kufika, na jina la nyumba ya wageni. Nikampa dada yangu nakala. Tulikubaliana kwamba nitapiga simu kila siku kabla ya saa moja jioni, na kwamba nisipopiga hadi saa tatu atamwambia mama.

Sasa iangalie karatasi hiyo. Kila mstari wake una mtu: dereva wa asubuhi, mwenye nyumba ya wageni ambaye nilimpigia siku tatu mapema na kumuuliza kama mlango una komeo la ndani, dada yangu na saa tatu yake. Nilipomaliza kupanga safari ya kutomtegemea mtu nilikuwa nimejifunga kwa watu wengi kuliko ninavyojifunga katika wiki ya kawaida chuoni. Wapo wanaosifu kuondoka bila mpango wowote, upepo ukupeleke. Nadhani hao hawajafikiri ni nani hubeba uzito wa kutopanga kwao. Ukikwama Lyantonde saa nne usiku, uzito ule unamwangukia mtu usiyemjua, ambaye itabidi aamke, na unawaangukia walio nyumbani, ambao hawatalala. Kupanga ni namna ya kulipa mapema sehemu ya deni.

Na furaha je? Ilikuwapo, tena nyingi, na sitaki kuifanya iwe somo. Barabara ya Masaka inapita Mpambire, ambako ngoma mpya zimepangwa kando ya lami kubwa kwa ndogo kama familia inayopigwa picha. Inavuka mstari wa Ikweta pale Kayabwe, ambapo watalii hushuka wakasimama mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Basi letu halikupunguza hata mwendo. Lukaya lilisimama, nao wachuuzi wakalivamia kwa vijiti vya kuku na gonja za kuchoma hadi madirishani. Nilinunua gonja mbili nikazila polepole, bila kumgawia mtu. Wasomaji waliolelewa kwenye nyumba ya watoto saba wataelewa jinsi jambo hilo lilivyo kubwa.

Lakini kilele kilikuwa kati ya Kabale na Kisoro. Barabara inapanda katika msitu wa Echuya, mianzi kushoto na kulia, baridi ikiingia dirishani, kisha inafika Kanaba na nchi yote inafunguka kwa mara moja. Chini kuna bonde la Kisoro, na nyuma yake volkano tatu, Muhabura, Gahinga na Sabinyo. Muhabura ina mita 4,127, na jina lake kwa lugha ya huko maana yake ni mwonyesha njia. Nilimwomba dereva anishushe pale pale. Taksi nzima iligeuka. Mama mmoja mwenye kuku mapajani akaniuliza, "Mwanangu, hapa una nani?" Nikasema sina mtu, nataka kuangalia mlima. Akaniangalia kwa muda, akamwambia dereva, "Mshushe, lakini mwambie taksi ya mwisho inapita saa ngapi."

Nilikaa pale saa moja na nusu. Kama ningekuwa na rafiki ningesema "tazama!" naye angesema "duh!", tungepiga picha tukaondoka. Kwa kuwa sikuwa na wa kumwambia, ilinibidi nitazame mpaka kutazama kwenyewe kuishe. Wingu lilishuka juu ya Muhabura, likakaa, likapanda tena, na rangi ya mlima ilikuwa imebadilika. Hilo ndilo ninaloliona kuwa faida ya kweli ya kuwa peke yako safarini, na ni ndogo kuliko inavyotangazwa: unaweza kuangalia kitu kwa muda kinaoutaka chenyewe.

Lakini hata saa ile nilikuwa nimekopeshwa na mwanamke mwenye kuku. Profesa John Mbiti, aliyefundisha Makerere, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba mtu hawi mtu kwa upekee wake, bali kwa kuwa wapo wengine. Wengi husoma wazo hilo kama hoja dhidi ya anayeondoka peke yake. Mimi naona safari ndiyo inayolipima. Nyumbani wale wengine ni jamaa, wana sababu ya kunijali. Barabarani ni watu wasionidai wala nisiowadai. Kama wazo la Mbiti ni la kweli kwa jamaa tu, basi ni wazo la ukoo, na ukoo hauhitaji falsafa.

Kant, ambaye maisha yake yote hakusafiri mbali na mji wake wa Königsberg, aliandika mwaka 1795 kwamba mgeni anapofika nchi ya wengine ana haki ya kutotendewa kama adui, kwa kuwa dunia ni ya mviringo na hatuwezi kutawanyika bila mwisho, lazima tuvumiliane. Akaweka mpaka hapo hapo: hiyo ni haki ya kuzuru tu. Kupokewa kama mgeni ni jambo jingine, linahitaji mapatano ya hisani. Namheshimu, ila naona pwani yetu ilikuwa imekwenda mbele yake. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, kabla ya kuendelea Mombasa na Kilwa, aliona vijana wakiifuata merikebu kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, na kila mmoja akimkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Kwa hiyo hata asiye na wa kufikia kwake alipewa kabla hajakanyaga nchi kavu. Sitaki kuipamba desturi hiyo; yule mwenyeji ndiye aliyesimamia kuuza na kununua kwa mgeni wake. Lakini ilijua kwamba kufika bila mwenyeji ni hali ya hatari, na haikumwachia mgeni aitatue peke yake.

Ibn Battuta ananisumbua kwa sababu nyingine pia. Aliondoka kwao Tangier mwaka 1325, akiwa na umri wa miaka 21, peke yake, huku wazazi wake wote wawili wakiwa hai na wakihuzunika. Alirudi baada ya miaka 24. Baba yake alikuwa amekwisha kufa kwa miaka mingi, na mama yake alifariki kabla tu mwanawe hajafika mjini. Tumefaidika na safari zake sote tunaosoma historia ya pwani. Sijui kama mama yake angekubali hesabu hiyo.

Hapo ndipo hoja dhidi yangu ina nguvu. Mama alikubali niende, lakini siku tano zile hakulala vizuri; dada yangu aliniambia. Furaha yangu ilikuwa na gharama, na aliyeilipa si mimi. Baadhi ya wenzangu hujibu kwamba wasiwasi wa mzazi ni shauri lake mwenyewe. Jibu hilo ni jepesi mno. Wasiwasi ni sehemu ya upendo wake, huwezi kuutaka mmoja na kuukataa mwingine. Wala siwezi kukubali kwamba wasiwasi wake uwe sheria, kwa sababu sheria hiyo hainipimi sawa na wengine. Kaka yangu alikwenda Gulu kuangalia mpira akarudi baada ya siku mbili, na swali pekee aliloulizwa ni kama timu yetu ilishinda. Barabara ni ile ile ya hatari kwa wote wawili. Kama hatari ya ziada kwangu inatoka kwa wanaume, sioni kwa nini nikae mimi nyumbani kwa ajili yao. Ninachomdai mama ni ruhusa. Anachonidai ni simu ya kabla ya saa moja. Haya ni mapatano, na sijaona msingi bora zaidi.

Siku ya nne, sokoni Kisoro, nilitumia Kiswahili kuliko nilivyowahi kukitumia nje ya darasa. Bunagana, mpakani na Kongo, iko karibu, na tangu waasi wa M23 walipoiteka Juni 2022 watu wengi wamevuka kuja upande wetu. Wengi walipokewa kwanza Nyakabande, karibu na mji. Mwanamke mmoja kutoka Rutshuru alikuwa akiuza maharagwe kwa kopo. Alifurahi kusikia Kiswahili, akakicheka kidogo changu cha vitabuni, kisha akauliza lile swali, kwa Kiswahili cha kwao: "Ulikuya kwa nani?" Nikasema sikuja kwa mtu, nilikuja kutembea. Niliogopa jinsi neno hilo lingesikika mbele yake. Yeye alikuwa amekuja bila mtu kwa sababu hakuwa na budi. Mimi nilikuwa nimelipa ili nije bila mtu. Hakukasirika. Aliniuliza basi langu linaondoka saa ngapi. Nikamwambia alfajiri. Akasema, "Wewe una basi," akanipimia kopo, akaongeza ngumi moja juu ya kipimo.

Nilirudi na maharagwe yale, tukayala Jumapili. Likizo ijayo nataka kwenda Arua. Mama amesikia, hakusema ndiyo wala hapana, ila juzi alinitajia mtu wa Lira ambaye walisoma naye, kwamba nyumba yake ina nafasi na kwamba Lira si mbali sana na njia. Kwenye ramani ni mbali. Nimeiandika namba ya mama huyo kwenye karatasi, juu kabisa, na bado sijaamua kama nitapiga.