Fahali, Nyasi na Mhadhiri: Kuhusu Maadili ya Mgomo Katika Vyuo Vikuu vya Umma

Kila mara wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya wanapogoma, methali moja huamshwa usingizini: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Hali ilikuwa hiyo hiyo mwaka 2025, mgomo ulipoanza tarehe 17 Septemba na kudumu siku 49, wahadhiri wakidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa mwaka 2017 hadi 2021. Fahali mmoja ni serikali; wa pili ni chama cha wahadhiri, UASU; nyasi ni wanafunzi. Methali ikishatamkwa, hukumu huwa imekwisha kutolewa, na ni nadra mtu kuuliza iwapo taswira yenyewe ni ya kweli.

Taswira hiyo yafaa ipimwe mahali ambapo fahali na nyasi si mapambo ya usemi. Kehancha, mji wa Wakuria katika kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, ni mahali pa namna hiyo. Huko ng'ombe ni mali, ni mahari, na mtoto anapoitwa chuoni ng'ombe huweza kuwa karo. Mfugaji anayeijua mifugo yake hawezi kuishia kwenye pigano. Ataka kujua fahali hao hula nini siku ambazo hawapigani.

Hapo ndipo methali inapomgeukia anayeitumia. Fahali hula nyasi zile zile.

Serikali ilianza kuuondoa mkono wake mapema. Mwaka 1991 mpango wa kuchangia gharama ulifika vyuoni kwa nguvu, na mwaka 1995 ikaundwa bodi ya mikopo ya elimu ya juu ili mwanafunzi akope kile ambacho kaka zake walipewa. Wahadhiri wa miaka hiyo hawakukaa kimya. Mgomo wa mwaka 1993 hadi 1994, uliopigania haki ya kusajili chama chao, uliwagharimu viongozi wake kazi, na chama hakikusajiliwa hadi mwaka 2003. Hao hawawezi kuwekwa katika kapu moja na waliofuata.

Lakini mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mlango wa wanafunzi wanaojilipia, na vyuo vingine vikafuata. Fedha zikapatikana tena, safari hii kutoka mifukoni mwa wazazi. Mhadhiri akalipwa kwa kila somo la ziada, jioni na mwishoni mwa juma. Matawi ya vyuo yakachipuka katika miji midogo ya magharibi mwa nchi kama uyoga baada ya mvua. Katika muda huo wote ruzuku ya umma ilizidi kupungua kwa kila mwanafunzi, na malalamiko ya wasomi juu ya jambo hilo yalikuwa hafifu, kwa sababu pengo lilikuwa likizibwa na mtu mwingine. Januari 2016 tume inayosimamia elimu ya vyuo vikuu iliagiza Chuo Kikuu cha Kisii kifunge matawi yake 10 kati ya 13. Mwishoni mwa mwaka huo, udanganyifu katika mtihani wa kidato cha nne ulipodhibitiwa, waliopata alama ya C+ na zaidi walishuka hadi takriban 89,000. Serikali ingeweza kuwachukua wote. Kisima cha wanaojilipia kikakauka, na ndipo kilio cha kupunguzwa kwa ruzuku kiliposikika kwa sauti kubwa.

Je, aliyenyamaza alipokuwa akila hana haki ya kulia anapolala njaa? Kudai hivyo kungekuwa kuchukua kosa la zamani na kulifanya ngao ya mdaiwa. Mkataba uliotiwa sahihi ni deni. Linalopungua ni haki ya mhadhiri kujiita mtetezi wa mwanafunzi wa Kehancha, maana utetezi uliokuja baada ya mshahara kuguswa hauna budi kutiliwa shaka hata na aliye rafiki.

Hata hivyo wanaomtaka mhadhiri arudi darasani kwa ajili ya huyo mwanafunzi nao wana la kujibu. Darasani kuna nini? Uhakiki wa fasihi haufundishwi kwa mhadhara peke yake. Hufundishwa mwalimu anaposoma insha ya mwanafunzi mstari kwa mstari, akaandika pembeni: dai hili limethibitishwa wapi? Kazi hiyo haionekani katika hesabu yoyote, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa, na hukatwa bila tangazo. Mhadhiri mwenye insha mia nne mezani aweza kutoa alama mia nne bila kusoma hata kumi. Hajagoma, na hakuna gazeti litakalomlaumu. Lakini ametoa nusu ya elimu na kuiidhinisha kwa shahada nzima, na aliyedanganywa ni yule yule mtoto aliyeuziwa ng'ombe. Mgomo walau humwambia wazi kwamba hafundishwi.

Wakuria wana baraza la hadhara liitwalo ritongo, ambapo shauri kama la wizi wa mifugo husikizwa mbele ya jamii nzima; na wana inchama, baraza la siri la wazee. Migomo ya vyuo humalizwa kwa njia inayofanana zaidi na hili la pili. Tarehe 5 Novemba 2025 ilikubaliwa kwamba deni lilipwe kwa awamu mbili. Wiki saba za masomo nazo zilikuwa deni, na katika ritongo mzazi angesimama aulize litalipwa kwa awamu ngapi, na insha za mwanawe zitasomwa na nani.