Umeme Upitao Juu ya Kijiji

Mto Kongo ni zawadi ya Mungu. Hakuna mtu aliyeuchimba. Huko Inga maji yake huzungusha mashine zizaazo umeme: kiwanda cha kwanza kilianza mwaka 1972, cha pili mwaka 1982. Nyuzi zake husafiri kilometa zipatazo 1,700 mpaka Kolwezi, kwenye migodi ya shaba. Njiani zapita juu ya vijiji vingali gizani.

Je, ni haki? Mafundi husema: kuushusha umeme huo njiani kwahitaji mitambo ya gharama kubwa. Ni kweli. Lakini Injili haisemi kwamba tajiri alimwibia Lazaro. Alimwacha tu mlangoni na njaa yake. Nyuzi kupita si dhambi. Dhambi ni kumsahau akaaye chini yake.