Hatia ya Kutojua

Watu husema kuwa kutojua ni giza, na ajikwaaye gizani hulaumiwa kwa kujikwaa kwake. Hukumu hii ni nyepesi kutamkwa, lakini haina uadilifu. Yuko aliyeletewa taa akaizima, na yuko ambaye taa haikufika mlangoni pake kamwe. Wawili hawa hawastahili lawama moja.

Mfano wake ni homa ya ini aina ya B. Virusi vya maradhi haya huweza kukaa mwilini miaka mingi pasipo dalili. Mja mzito huwa navyo naye akalima, akateka maji na kucheka na wenziwe. Kisha saa ya kujifungua akampa mwanawe urithi asioujua. Mtu mzima akiambukizwa, aghalabu mwili wake huvishinda. Lakini katika kila watoto 100 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, kadiri ya 90 hubaki navyo, na baadhi yao hufikiwa ukubwani na kusinyaa kwa ini au saratani. Kinga ipo: chanjo itolewayo katika saa 24 za kwanza, ikafuatwa na nyingine, huwaokoa walio wengi. Chanjo ianzayo wiki kadhaa baada ya kuzaliwa, kama ilivyowekwa Tanzania mwaka 2002, humlinda mtoto na hatari za mbele. Haiwezi kurudi nyuma ikazuia yaliyopita siku ya uzazi. Kwa hiyo hali ya mama yapasa kujulikana kabla ya uchungu.

Wapo wasemao ni heri mama asiambiwe, maana habari hiyo yaweza kuvunja ndoa. Hofu yao si ya bure. Maradhi haya hupita pia katika tendo la ndoa, na mume asiyeelezwa vema hutafuta zinaa kabla ya kutafuta tabibu. Lakini yamkini mke huyo aliambukizwa siku aliyozaliwa yeye mwenyewe. Damu yaeleza kilichomo. Haielezi kiliingia kwa njia gani. Kumficha ni kununua amani ya nyumba kwa ini la mtoto, na katika biashara hiyo mwenye mali hakushauriwa.

Vilevile, kumtajia mama jina la maradhi na kumwacha aende nalo peke yake ni kumtwika mzigo bila ngata. Haki yake ni kuelezwa kwamba aweza kumnyonyesha mtoto aliyechanjwa; kwamba kula sahani moja hakuambukizi; kwamba zipo dawa za kupunguza wingi wa virusi kwa waja wazito wanaozihitaji; na kwamba mumewe naye apimwe, na akiwa hana kinga achanjwe.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mama amekwisha kuukunjua mkono wake atolewe damu. Aliyebaki kufunua ni yule ajuaye. Maadamu mama hakuambiwa, kutojua kwake si hatia. Mwalimu, tabibu na mtawala wakijua wakanyamaza, hatia hiyo imepata mwenyewe.