Mstari Mmoja Safi

JavaScript ina njia mbili tamu za kubadilisha orodha. Ya kwanza, map, humpitia kila mmoja na kumrudisha akiwa amebadilika: wakiingia 100, wanatoka 100. Ya pili, filter, huuliza swali moja. Anayefaa anapita; wengine huwaoni tena. Zamani ningeandika luupu ya mistari sita. Siku hizi mmoja unatosha.

Mwaka jana niliandika huo mmoja kwa programu ya mikopo: aliyewahi kuchelewa kulipa, aondolewe. Bosi akasema, "Kazi safi." Nikajiona fundi kweli.

Wiki hiyo mama mboga wa pale steji akaniita. "Kijana wangu, wewe si ni wa kompyuta? Mbona simu imeninyima mkopo? Nimekosea wapi?" Alichelewa siku mbili tu, mvua ilipobeba kibanda chake.

Nilikosa la kumwambia. Msimbo haukuwa na kosa. Swali nililouliza ndilo lilikuwa duni. Na filter haigusi orodha ya mwanzo: hutoa mpya, ile ya kwanza ikabaki nzima. Kumbe mama alikuwa bado yumo. Mimi ndiye niliyeacha kumtazama.

Sasa kabla sijachuja, nawasoma kwanza watakaobaki nje.