Uzito Usiohamishika

Usiku wa Novemba 23, mwaka 1654, tangu kama saa nne na nusu hadi kama saa sita na nusu, Blaise Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa, alifikwa na jambo lililogeuza maisha yake. Aliliandika kwa maneno ya mkatomkato, akitaja saa, moto, Mungu wa Ibrahimu na machozi ya furaha, kisha maandishi hayo akayashonea ndani ya bitana ya koti. Alipofariki mwaka 1662 ndipo mtumishi akayakuta nguoni mwake. Kinachonigusa zaidi ni kwamba katika miaka hiyohiyo Pascal alikusanya hoja za kuutetea Ukristo mbele ya wasioamini, na usiku ule hakuuleta uwe hoja. Aliwapa hoja ya dau, kwamba anayeamini ana mengi ya kupata na machache ya kupoteza, akawaonyesha unyonge na ukuu wa binadamu, mambo ambayo yeyote angeweza kuyapima kwa akili yake. Naona alitenda haki. Jambo laweza kuwa na uzito wote kwa aliyelipata, na bado lisiwe deni kwa mwingine.

Watakuwapo wa kusema kwamba lisilothibitika mbele ya wengine ni mawazo ya mtu tu. Lakini maumivu ya jino humwamsha mwenye jino peke yake, na hakuna anayedai nyumba nzima iamke ndipo yawe ya kweli. Watajibu kwamba jino halidai chochote juu ya ulimwengu, ilhali njozi hudai. Ni kweli, na mpaka uko hapohapo. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alisema Mungu amemwotesha dawa, na watu kwa maelfu wakapanga foleni kunywa kikombe cha shilingi 500. Ndoto ilikuwa yake, na sioni sababu ya kumdhihaki aliyeota. Ila mgonjwa anayewaza kuacha dawa za hospitali ana haki kamili ya kuuliza vipimo vinasema nini. Vilevile binti anayeambiwa na muumini mwenzake, "Nimeonyeshwa wewe ndiye mke wangu," anaweza kujibu kwa heshima kwamba yeye hajaonyeshwa, na asiwe amemkosea Mungu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba dini zenyewe zilianzia kwa mtu mmoja aliyeona peke yake. Kama wasikilizaji wote wangengoja kuona, nani angeamini? Tutazame alivyoamini wa kwanza. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliporudi kutoka pango la Hira akitetemeka, Bi Khadija hakuwa ameona alichokiona mumewe. Alitaja aliyoyajua: kwamba anaunga udugu, anambebea mnyonge mzigo, anamkirimu mgeni. Aliipima habari asiyoweza kuifikia kwa mwenendo alioishi nao ndani ya nyumba moja, na mwenendo huo alikuwa ameushuhudia kwa takriban miaka 15 ya ndoa kabla ya tukio hilo la Hira.