Utani, Uvumi na Gazeti la Michezo

Swali tulikusudialo hapa laonekana dogo, nalo si dogo: je, mwandishi wa habari za michezo amefungwa na ukweli sawa na waandishi wengine, au ameruhusiwa kutia chumvi kwa kuwa mpira ni mchezo tu?

Wapo washikao neno la pili. Husema kwamba Yanga, iliyoasisiwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanza mwaka 1936 na baadaye kuitwa Sunderland hadi mwaka 1971, ni watani wa jadi. Na penye utani hapakosi kejeli. Hoja hii ina uzito, maana utani ni nguzo ya utamaduni wetu. Lakini na tuitazame nguzo yenyewe. Kwa desturi, mtani hukukejeli usoni pako, mbele ya watu wajuao kuwa ni mtani wako. Tena siku ya msiba, mtani huyo huyo ndiye afikaye kutumika na kuwaliwaza wafiwa. Basi utani ni haki iliyofungamana na wajibu. Gazeti limwitalo kipa mla rushwa kwa kuwa kafungwa mabao mawili, pasipo ushahidi, limeazima ulimi wa mtani na kuutupa wajibu wake. Huo si utani, ni kashfa.

Uingereza, ambako magazeti ya udaku yana soko kubwa, imetuachia funzo. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walibanana katika uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield; waliokufa kwa maafa hayo walifikia 97. Siku nne baadaye gazeti la The Sun lilidai, chini ya kichwa kilichojiita ukweli, kwamba mashabiki waliwaibia majeruhi na maiti. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulionyesha kuwa tuhuma zile hazikuwa na msingi, na gazeti likaomba radhi. Mwaka 2016 baraza la mahakama likaamua kwamba mashabiki hawakuwa na hatia. Miaka mingi wafiwa walibeba misiba miwili: wa kufiwa na wa kusingiziwa. Wengi mjini Liverpool wangali wakikataa kulinunua gazeti hilo.

Nasi tulitazame jambo hili kwa jicho la mtu wa delta ya Rufiji. Gazeti lipitalo barabara ya Kilwa hushushwa Kibiti; likienda mbele hufika Nyamisati, na kutoka hapo ni mashua, kati ya mikoko, hadi vijiji kama Mbwera. Nakala moja husomwa na wengi, na ajuaye kusoma huwasomea wenziwe. Uvumi ukiisha kupanda mashua hiyo, masahihisho ya mistari mitatu, yaliyochapwa kesho yake ukurasa wa ndani, huachwa pwani. Leo simu zimefika, na uvumi haungoji tena maji kujaa. Masahihisho ndiyo yangali yakingoja.

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba mchezo haupunguzi deni la ukweli, maana mchezaji ni mtu, ana mama na ana jina. Msomaji naye hana udhuru: anunuaye uvumi ndiye aulishaye. Walimu na wawafundishe vijana kuuliza maswali matatu kila wasomapo: Nani kasema? Alikuwapo? Aliyesemwa kapewa nafasi ya kujibu? Kijana azoeaye kuyauliza katika habari za mpira hatashindwa kuyauliza katika habari za jirani yake wala za taifa lake.