Deni la Maombezi

Katika ibada zote zimpasazo Mkristo, sidhani kama ipo iahidiwayo kwa wepesi na kusahauliwa upesi kama maombezi. Maana mtu husimuliwa maradhi ya jirani au msiba wa sahibu yake, akajibu papo hapo kwamba atamwombea, kisha akashika njia yake, na ahadi ile ikapotelea katika shughuli za mchana. Mimi naihesabu ahadi hiyo kuwa ni deni, tena deni zito, kwa kuwa mwenye haki yake hana njia ya kujua kama limelipwa. Samweli, alipokuwa akiwausia Waisraeli waliokwisha kuchoshwa na uamuzi wake wakataka mfalme, aliona kwamba kuacha kuwaombea kungekuwa dhambi yake yeye mbele za Bwana, wala hakuifanya jeuri yao kuwa udhuru.

Maombezi ya kweli, aidha, hayaishii kwa jamaa. Ibrahimu aliposimama kuitetea Sodoma, mwana wa nduguye alikuwa akikaa ndani ya mji ule, na lau angemwombea huyo peke yake hakuna ambaye angemlaumu. Lakini jina la Lutu halimo katika maneno yake yote, bali aliuombea mji mzima, wema na waovu, akiishusha hesabu ya wenye haki kutoka 50 hata 10, kwa kicho na taadhima ya mja ajuaye anasema na nani. Mji uliteketea, walakini Kitabu cha Mwanzo chatuarifu kwamba Lutu alitolewa kwa kuwa Mungu alimkumbuka Ibrahimu.

Nami hustaajabia sana habari za Herrnhut, kijiji cha Ujerumani walikohamia wakimbizi wa imani kutoka Moravia, katika ardhi ya Nicolaus von Zinzendorf. Watu hao waligombana hata umoja wao ukawa karibu kuvunjika, na baada ya kupatana, mwezi Agosti 1727, wanaume 24 na wanawake 24 waliagana kushika zamu za sala, saa kwa saa, usiku na mchana. Na zamu hiyo, ikipokewa na vizazi vilivyofuata, ilidumu zaidi ya miaka 100. Mwaka 1732 wajumbe wao wa kwanza walishika safari kwenda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, na mwaka 1891 Wamoraviani wakafika Rungwe, katika nchi iitwayo leo Tanzania. Walioanza ile zamu walikuwa wamekwisha kufa zamani, wala hawakupata kulisikia jina la Rungwe.

Wako waulizao Mwenyezi Mungu, ajuaye yote, ana haja gani ya kukumbushwa. Hana haja, ila imempendeza kutushirikisha katika rehema zake, na hilo lanitosha.

Paulo, akiwa kifungoni, aliwataka Waefeso wamwombee, si afunguliwe mnyororo, bali ajaliwe usemi na ujasiri wa kuitangaza Injili. Asingewaambia, bila shaka wangeombea mnyororo. Kwa sababu hiyo nimwendeapo mgonjwa humwuliza kwanza aombewe nini, na aghalabu majibu hayahusu maradhi: huyu ataka aombewe mwanawe aliyeacha kuandika barua, na yule apewe moyo wa kumsamehe nduguye kabla hajafa.